Programu ya Linux inapokataa kufunguka kwa kukosa maktaba: mwongozo kamili

Unabofya ikoni, kishale cha kipanya kinazunguka sekunde mbili tatu, kisha kimya. Hakuna dirisha, hakuna maelezo. Kwenye Linux, kimya cha aina hii mara nyingi maana yake ni kwamba programu imeitwa, ikatafuta maktaba inayoitegemea, ikaikosa, ikafa kabla haijachora chochote kwenye skrini. Ujumbe wa hitilafu ulitoka, ila haukuwa na mahali pa kuonekana.

Maktaba ninayoizungumzia hapa ni maktaba shirikishi: faili lenye msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja, ambalo jina lake huanza na `lib` na kuwa na `.so` ndani yake. Programu inapoanza, kipakiaji cha mfumo (kwenye kompyuta nyingi za leo ni faili `/lib64/ld-linux-x86-64.so.2`) husoma orodha ya maktaba zinazohitajika na kuzitafuta moja moja. Moja tu ikikosekana, safari imeishia hapo.

Kabla hujabandika amri yoyote uliyoiokota mtandaoni, jua kwamba kosa hili lina vyanzo vinne: maktaba haipo kabisa, ipo lakini kipakiaji hakiangalii ilipo, ipo lakini ni ya biti nyingine (32 badala ya 64, au kinyume chake), au ipo lakini ni ya toleo lingine. Ujumbe unafanana, dawa ni tofauti, na dawa ya kimoja inaweza kuharibu zaidi ikitumiwa kwa kingine. Watu wengi hukwama kwa sababu wanarukia dawa.

## Hatua ya 1: Ufanye ujumbe uonekane

Iendeshe programu kutoka kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Kama hujui jina lake halisi, lisome kwenye faili la ikoni yake:

```
grep '^Exec' /usr/share/applications/mchoraji.desktop
```

Ikoni nyingine hukaa kwenye `~/.local/share/applications`. Kinachofuata `Exec=` ndicho cha kuandika kwenye terminali. Hapa `mchoraji` ni jina la mfano tu. Weka la kwako. Kwa kawaida utaona kitu kama hiki:

```
mchoraji: error while loading shared libraries: libcrypt.so.1:
cannot open shared object file: No such file or directory
```

Kama mfumo wako unatoa ujumbe kwa lugha nyingine, tanguliza `LC_ALL=C` mbele ya amri ili upate maneno haya haya ambayo wengine nao wanayaona.

Usome ujumbe polepole. Jina la maktaba ni `libcrypt.so.1`, pamoja na ile 1 ya mwisho. Namba hiyo ni sehemu ya jina. Watengenezaji huibadilisha pale wanapogeuza mambo ndani ya maktaba kiasi kwamba programu za zamani haziwezi tena kuitumia. Kwa hiyo `libssl.so.1.1` na `libssl.so.3`, kwa macho ya kipakiaji, ni maktaba mbili tofauti, na kuwa na moja hakukupi nyingine.

## Hatua ya 2: Pata orodha nzima

Kipakiaji husimama kwenye maktaba ya kwanza inayokosekana. Ukiitatua hiyo, kesho yake unakutana na ya pili. Afadhali uzijue zote mara moja (`./mchoraji` ni faili la programu ndani ya folda uliyomo; weka njia ya faili lako):

```
ldd ./mchoraji | grep 'not found'
```

Tahadhari moja: katika mazingira fulani `ldd` inaweza kuiendesha programu yenyewe, hivyo usiitumie kwa faili usiloliamini. Kwa faili la namna hiyo tumia amri inayosoma tu bila kuendesha chochote:

```
objdump -p ./mchoraji | grep NEEDED
```

Hii huonyesha maktaba zinazotajwa na programu moja kwa moja. Zile zinazohitajiwa na maktaba zenyewe hazimo. (`objdump` huja na kifurushi cha `binutils`; kifurushi ni mkusanyiko wa mafaili unaosakinishwa kwa pamoja.)

`ldd` ikijibu `not a dynamic executable`, huenda ulichoielekeza ni skripti inayoita programu halisi iliyo mahali pengine. Andika `file ./mchoraji` uone ni nini. Ikiwa ni skripti, ifungue kwa kihariri cha maandishi, utakuta njia ya faili halisi ndani yake, mara nyingi kwenye mistari ya mwisho.

## Hatua ya 3: Je, maktaba ipo kwenye kompyuta?

```
ldconfig -p | grep libcrypt
sudo find / -name 'libcrypt.so*' 2>/dev/null
```

Ya kwanza inauliza kashe ya kipakiaji, yaani maktaba ambazo tayari kinazijua. Ya pili inapekua diski nzima. Zote mbili zikitoka mikono mitupu, nenda hatua ya 4. `find` ikiipata na `ldconfig` isiione, nenda ya 5. Zote zikiiona na bado programu inagoma, shuku biti, hatua ya 6. Ukiona maktaba hiyo lakini yenye namba nyingine, na hazina ya vifurushi ya distro yako (aina ya Linux unayotumia, kama Ubuntu au Fedora) haina namba unayoitaka, hatua ya 7 ndiyo yako.

## Hatua ya 4: Haipo, basi isakinishe

Kazi hapa ni kujua kifurushi gani kinabeba faili hilo, kwa sababu majina ya vifurushi hubadilika kutoka distro hadi distro. Kwenye Debian, Ubuntu, Mint na jamaa zao:

```
sudo apt install apt-file
sudo apt-file update
apt-file search libcrypt.so.1
```

Kwenye Fedora:

```
dnf provides 'libcrypt.so.1()(64bit)'
```

Yale mabano ya mwisho yana maana. Bila `()(64bit)`, Fedora inaelewa kwamba unataka ya biti 32. Raha yake ni kwamba unaweza kuruka utafutaji kabisa na kuandika `sudo dnf install 'libcrypt.so.1()(64bit)'`, itajua yenyewe kifurushi cha kuleta. Kwenye Arch:

```
sudo pacman -Fy
pacman -F libcrypt.so.1
```

Na kwenye openSUSE ni `zypper search --provides libcrypt.so.1`. Kwa mfano huu, Debian na Ubuntu huita kifurushi hicho `libcrypt1`, wakati Fedora na Arch hukiita `libxcrypt-compat`. Ndiyo maana kukopi amri ya `apt install` kutoka maelezo ya mtu na kubadilisha tu neno `apt` kuwa `dnf` hakufiki mbali.

Upande wa Debian, ukishauzoea mpangilio wa majina unaweza hata kubahatisha. Chukua jina la maktaba, ongeza namba yake: `libxcb-cursor.so.0` inakuwa `libxcb-cursor0`. Jina likiwa tayari linaishia na tarakimu, kistari huingia katikati: `libpng16.so.16` inakuwa `libpng16-16`. Kuanzia Ubuntu 24.04 na Debian 13 baadhi ya majina yameongezewa `t64`, mfano `libssl3t64`, kutokana na kazi ya kuandaa mifumo ya biti 32 kwa mwaka 2038, ambapo hesabu ya muda ya biti 32 itafika kikomo. Hivyo amri ya zamani ikikwambia kifurushi hakipo, jaribu kuongeza `t64` kabla hujakata tamaa.

Matokeo ya utafutaji yatakuletea pia vifurushi vinavyoishia na `-dev` au `-devel`. Hivyo ni vya wanaojenga programu kutoka msimbo chanzo. Mara nyingi navyo huivuta maktaba yenyewe, kwa hiyo "vinafanya kazi", lakini unajaza diski kwa vitu usivyovihitaji.

Mfumo ukisema kifurushi kimeshasakinishwa ilhali faili halipo, basi lilifutwa au usakinishaji ulikatika njiani. Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt install --reinstall libcrypt1
```

Watumiaji wa Arch wana mtego wao: `pacman -Sy` ikifuatiwa na jina la kifurushi kimoja. Inasasisha orodha bila kusasisha mfumo, kifurushi kipya kinakuja na maktaba mpya, na programu nyingine zinabaki zikiitafuta ya zamani. Dawa ni `sudo pacman -Syu`, na vifurushi ulivyojijengea kutoka AUR (hazina ya watumiaji wa Arch) uvijenge upya.

Usipakue faili la `.so` peke yake kutoka tovuti zinazogawa mafaili ya aina hiyo. Hujui nani alilijenga wala kaweka nini ndani, na litaendeshwa na uwezo wote ulio nao wewe. Hakuna sasisho la usalama litakalolifikia.

## Hatua ya 5: Ipo lakini haionekani

Hii huwapata hasa waliojenga programu wenyewe kwa `make install`, au waliofungua kifurushi cha kampuni ndani ya `/opt`. Kipakiaji hakipekui diski. Kinafuata mpangilio wake: njia zilizoandikwa ndani ya programu yenyewe (RPATH), kisha kigeu cha mazingira `LD_LIBRARY_PATH`, kisha RUNPATH (nayo imeandikwa ndani ya programu), kisha kashe ya `/etc/ld.so.cache`, mwisho folda za kawaida kama `/lib` na `/usr/lib`. Faili lisipokuwa kwenye mojawapo, kwake ni kama halijawahi kuwepo.

Jaribu kwanza lililo rahisi:

```
sudo ldconfig
```

Amri hii hujenga kashe upya. Kwenye Debian na Ubuntu, `/usr/local/lib` imo tayari kwenye orodha, kwa hiyo mara nyingi hii peke yake yatosha. Kwenye Fedora haimo, itabidi uiongeze:

```
echo /usr/local/lib | sudo tee /etc/ld.so.conf.d/local.conf
sudo ldconfig
```

Ikiwa maktaba ni ya programu moja tu, usiitangazie mfumo mzima. Weka kigeu kwa programu hiyo pekee:

```
LD_LIBRARY_PATH=/opt/mchoraji/lib /opt/mchoraji/bin/mchoraji
```

Ikifunguka, hamishia hilo kwenye ikoni. Nakili faili la `.desktop` kwenye `~/.local/share/applications`, kisha ubadilishe mstari wake uwe:

```
Exec=env LD_LIBRARY_PATH=/opt/mchoraji/lib /opt/mchoraji/bin/mchoraji
```

Mimi sishauri kabisa kuweka `export LD_LIBRARY_PATH=...` ndani ya `.bashrc`. Itagusa kila programu unayoanzisha kutoka terminali, na siku moja kihariri cha picha kitaanza kuanguka kwa sababu kimeokota maktaba ya mchezo. Hutakumbuka kwamba ni mstari ulioandika miezi mingi nyuma.

Njia safi zaidi, kwa programu isiyokuja na kifurushi, ni kuiandikia ndani yake mahali pa kutafuta:

```
patchelf --set-rpath '$ORIGIN/../lib' /opt/mchoraji/bin/mchoraji
```

`$ORIGIN` maana yake ni folda ya programu yenyewe, kwa hiyo ukiihamishia mahali pengine pamoja na folda zake bado itafanya kazi. Zile alama za nukuu moja usiziache, la sivyo terminali itaimeza `$ORIGIN` kabla `patchelf` haijaiona. Na uwe na nakala ya faili la awali.

Pale yote haya yanapogoma, kiulize kipakiaji chenyewe:

```
LD_DEBUG=libs ./mchoraji 2>&1 | less
```

Utaona mistari kama hii, na inasema ukweli mtupu:

```
find library=libtinfo.so.5 [0]; searching
 search cache=/etc/ld.so.cache
  trying file=/lib/x86_64-linux-gnu/libtinfo.so.5
```

Fuatilia kila `trying file`. Utajua folda zipi zimeangaliwa na ipi imerukwa. Sijui zana nyingine inayomaliza ubishi haraka namna hii, na haihitaji kusakinisha chochote.

## Hatua ya 6: Biti 32 dhidi ya biti 64

Dalili ya kwanza ni ujumbe wenye `wrong ELF class: ELFCLASS32`: kipakiaji kimepata faili la jina sahihi, lakini la biti 32 wakati programu ni ya 64. Dalili ya pili inachanganya zaidi. Unaandika `./mchoraji`, faili unaliona kwa macho yako kwenye folda, na mfumo unajibu `No such file or directory`. Kinachokosekana si programu. Ni kipakiaji chake cha biti 32. Hakikisha:

```
file ./mchoraji
```

Ukiona `ELF 32-bit` na `interpreter /lib/ld-linux.so.2`, umelipata tatizo. Kwenye Debian na Ubuntu:

```
sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386
```

Baada ya hapo kila maktaba inayokosekana isakinishe kwa kuongeza `:i386` mwishoni mwa jina. Fedora hutumia `.i686`, kwa mfano `sudo dnf install glibc.i686`. Kwenye Arch ondoa alama za `#` mbele ya sehemu ya `[multilib]` ndani ya `/etc/pacman.conf`, sasisha, kisha tafuta vifurushi vinavyoanza na `lib32-`.

`file` ikionyesha `ld-musl` kama kipakiaji, hilo ni jambo lingine: programu ilijengwa kwa mifumo kama Alpine, isiyotumia glibc, maktaba ya msingi ya C ambayo distro nyingi huitegemea. Tafuta iliyojengwa kwa distro yako.

## Hatua ya 7: Toleo halilingani

Hapa ndipo ushauri mbaya unapoenea kuliko kwingine. Una `libssl.so.3`, programu inataka `libssl.so.1.1`, na mtu anakwambia utengeneze kiungo, yaani jina la pili linaloelekeza kwenye faili lililopo:

```
sudo ln -s libssl.so.3 libssl.so.1.1    # usifanye hivi
```

Kipakiaji kitadanganyika, ndiyo. Kisha programu itaita kitu ambacho toleo jipya halina, upate `undefined symbol`, au `version OPENSSL_1_1_0 not found`. Na hayo ndiyo matokeo mazuri, kwa sababu imekataa waziwazi. Baya ni pale inapofunguka, ikatumia maktaba ambayo mpangilio wake wa ndani umebadilika, ikaharibu kazi yako kimyakimya. Kama umeshatengeneza kiungo cha namna hiyo, kifute kisha endesha `sudo ldconfig`.

Kwanza tafuta toleo jipya la programu yenyewe. Ubuntu 22.04 ilikuja na OpenSSL 3 (OpenSSL ndiyo yenye `libssl`), na msaada wa kawaida wa OpenSSL 1.1.1 ulikoma tarehe 11 Septemba 2023. Programu ambayo bado inaidai ama ina toleo jipya lisilohitaji maktaba hiyo, ama imetelekezwa. Angalia pia kama inapatikana kama Flatpak, mfumo wa vifurushi usiotegemea distro, kwani Flatpak huja na maktaba zake na haigusi za mfumo.

Kosa lingine la familia hii ni hili:

```
/lib/x86_64-linux-gnu/libc.so.6: version `GLIBC_2.34' not found
```

Safari hii programu ni mpya kuliko mfumo. Toleo lako la glibc utaliona kwa `ldd --version`: Ubuntu 20.04 ina 2.31, Ubuntu 22.04 ina 2.35, Debian 12 ina 2.36. Usijaribu kubadilisha glibc kwa mkono. Karibu kila kitu kwenye kompyuta kinasimama juu yake, hata `ls` na `sudo`. Ikivunjika utarudi kwenye diski ya kusakinishia. Pandisha distro nzima, au utafute programu iliyojengwa kwa toleo ulilo nalo.

`GLIBCXX_3.4.30 not found` inafanana nalo lakini inahusu `libstdc++`, maktaba ya msingi ya C++, na hapa soma njia iliyo mwanzoni mwa ujumbe. Ikionyesha faili lililo ndani ya folda ya programu yenyewe, si `/usr/lib`, maana yake programu imekuja na nakala kuukuu ya maktaba hiyo inayoifunika mpya ya mfumo. Ipe jina jingine nakala hiyo, ujaribu tena:

```
mv lib/libstdc++.so.6 lib/libstdc++.so.6.zamani
```

Kwa programu ya zamani usiyoweza kuiacha, ipe mazingira ya zamani ndani ya kontena, yaani distro nyingine inayoendeshwa ndani ya mfumo wako. Distrobox, inayohitaji Podman au Docker, hulifanya hili bila jasho:

```
distrobox create --name zamani --image ubuntu:20.04
distrobox enter zamani
sudo apt update
sudo apt install libssl1.1
```

Ukiwa ndani, iendeshe programu kama kawaida. Folda yako ya nyumbani inaonekana humo na madirisha yanatokea kwenye skrini yako. Kwa sababu hiyo hiyo, usiichukulie kama kizuizi cha usalama. Programu ikiwa na nia mbaya, mafaili yako yote inayaona.

## ldd inasema yote yapo, lakini bado inagoma

Programu nyingine, zikiwa tayari zimeshaanza, huita maktaba kupitia programu-jalizi (vipande vya ziada vinavyopakiwa baadaye). Hizo `ldd` haizioni ukiielekeza kwenye programu kuu. Mfano maarufu ni wa programu zilizojengwa kwa Qt, zana ya kutengenezea madirisha:

```
qt.qpa.plugin: Could not load the Qt platform plugin "xcb" in ""
even though it was found.
```

"Imepatikana lakini haipakiki" maana yake programu-jalizi ipo, ila yenyewe inakosa maktaba. Endesha `ldd` juu ya faili la programu-jalizi, `libqxcb.so`, au anzisha programu kwa `QT_DEBUG_PLUGINS=1` mbele yake. Tangu Qt 6.5 mkosaji wa mara kwa mara ni `libxcb-cursor.so.0`: sakinisha `libxcb-cursor0` kwenye Debian na Ubuntu, `xcb-util-cursor` kwenye Fedora na Arch.

Python nayo huangukia hapa. `ImportError: libGL.so.1` unapoita OpenCV (maktaba ya kuchakata picha) haitatuliwi kwa kuisakinisha upya kwa `pip`, kwa sababu maktaba hiyo ni ya mfumo. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi ni `libgl1`.

AppImage nyingi (programu nzima iliyofungwa ndani ya faili moja) hulalamikia `libfuse.so.2`. Kwenye Ubuntu 22.04 sakinisha `libfuse2`, na kwenye 24.04 `libfuse2t64`. Angalia usiandike `fuse` tupu kwenye 22.04, inaweza kuondoa `fuse3` pamoja na vifurushi vya eneo-kazi vinavyoitegemea, kwa hiyo soma orodha ya vitakavyofutwa kabla ya kubonyeza Y. Usipotaka kusakinisha chochote, ifumue:

```
./Mchoraji.AppImage --appimage-extract
./squashfs-root/AppRun
```

Kila kitu kitakuwa ndani ya folda `squashfs-root`, na hapo unaweza kuendesha `ldd` juu ya faili lolote lililomo kama ulivyofanya kwenye hatua ya 2.